Mtangazaji wetu wa saa moja jioni anaondoka baada ya miaka 17: nani akalie kiti chake? Naomba ushauri

MezaYaHabari, Kisumu

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mhariri msaidizi katika kituo kidogo cha televisheni hapa Kisumu, ambacho sitakitaja kwa jina kwa sababu jambo lenyewe bado halijatangazwa. Mtangazaji wetu wa taarifa ya habari ya saa moja jioni, mtu ambaye watazamaji kuanzia Ahero hadi Busia humwita Mwalimu, hata wale wasiojua kwamba aliwahi kushika chaki, anaondoka mwisho wa mwezi ujao. Hakufukuzwa wala hajagombana na mtu. Ameamua mwenyewe kurudi nyumbani Siaya. Mkurugenzi amenipa wiki mbili nimpelekee jina la mrithi pamoja na sababu zangu, nami usingizi umenipaa.

Alianza kutusomea habari mwaka 2008, wakati maduka yaliyochomwa mjini katika vurugu za baada ya uchaguzi yalikuwa yamebaki kuta tupu, na uvumi mmoja tu ungetosha kuwatoa watu nyumbani wakiwa na mapanga. Hakukubali kusoma habari ambayo haijathibitishwa na watu wawili, na imani ambayo watazamaji wanayo kwetu hadi leo ilijengwa miezi ile. Mpaka sasa huingia kazini saa tisa alasiri, huchukua karatasi za taarifa na penseli, kisha kila jina la mahali hulikata kwa vistari: Khwi-se-ro, Nya-ng'o-ma. Asipolijua jina, humpigia simu mwanahabari aliye huko amtamkie mara mbili. Wakati wa mafuriko ya mwaka 2024 stima ilipotea taarifa ikiendelea. Tuliporudi hewani kwa jenereta, skrini anayosomea ilikataa kuwaka, naye akaendelea kwa karatasi zake za penseli, akitaja shule moja baada ya nyingine ambako familia za Nyando zilikuwa zimekimbilia, bila kukosea hata moja.

Warithi wanaofikiriwa ni watatu. Yupo mwanahabari wetu wa Busia na Bungoma, kijana aliyekaa nyanjani miaka minane na anayeijua kanda hii barabara kwa barabara, lakini ukimweka studioni anakauka kama anayehojiwa na polisi. Yupo dada anayesoma habari za wikendi. Ni mtulivu, humuuliza kiongozi swali gumu bila kumvunjia heshima, na watazamaji wamemzoea, ila sauti ya "sh" humponyoka akichoka, "shule" ikawa "sule", na mkurugenzi anasema lafudhi hiyo inatuaibisha. Wa tatu ni mtangazaji wa Nairobi, mzaliwa wa Pwani, mwenye Kiswahili kitamu na wafuasi wengi mitandaoni, anayetaka mshahara unaokaribia ule wa hao wawili ukijumlishwa. Zaidi ya hayo, mdhamini mmoja amedokeza kwamba angependa mtu wa upande wa ziwa, na mwingine naye akadokeza kwamba angependa wa upande wa Kakamega.

Moyo wangu uko kwa dada wa wikendi, lakini kazi hii nilimfundisha mimi, na naogopa nisije nikawa ninampendelea. Mngekuwa mahali pangu mngefanyaje? Na watazamaji waambiwe lini?

MkulimaWaKano

Dada Mhariri, mimi ni mtazamaji tu, nalima mpunga karibu na Ahero, na nitasema kama mtazamaji. Kuna jioni moja nilisikia katika kituo kingine habari ya ajali ya Mbale, na msomaji akaongeza kwamba ni nchini Uganda. Kumbe ilikuwa Mbale yetu ya Vihiga, ambako binti yangu anafundisha. Nilikaa kwa utulivu nikila chakula changu, nikidhani jambo halinihusu, hadi jirani alipokuja kuniuliza kama nimepata habari za mtoto. Alikuwa mzima, nashukuru Mungu, lakini tangu siku ile sikifungui kituo hicho.

Simlaumu mgeni kwa kutoijua kanda yetu. Nasema tu kwamba hapa kwetu kuna Mbale na kuna Luanda, na anayesoma habari asipojua kwamba haya pia ni majina ya vituo vyetu vya matatu, atatupoteza kwa sauti nzuri kabisa. "Sule" ya huyo dada haijawahi kumdhuru mtu nyumbani kwangu.

DukaLaKondele

Naomba niwe wazi. Matangazo ya biashara ndiyo yanayolipa mishahara yenu wote, naye yule wa Nairobi ana watu wanaomfuata tayari. Mimi hulipia tangazo mahali ambapo macho yapo. Mchukueni, mengine atajifunza akiwa kazini.

MwalimuMstaafu_Kakamega

Mwanangu Mhariri, nimefundisha Kiswahili miaka 31, na sikubaliani na ndugu yangu wa Kano kwamba kosa la matamshi ni jambo la kupuuzwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na mtoto wa kijijini asiyekuwa na vitabu hujifunza lugha hiyo kwa anayemwona kwenye televisheni kila jioni. "Shindano" likigeuka "sindano" maana imepotea, na anayetangaza hana ruhusa ya kupoteza maana.

Hata hivyo, sikubaliani na mkurugenzi wako pia, kwa sababu anachanganya mambo mawili. Lafudhi ni alama ya mahali mtu alipokulia, na hakuna Mkenya asiyekuwa nayo, wa Pwani akiwemo. Tatizo la "sh" na "s" ni zoezi la kinywa linaloweza kurekebishwa kwa miezi michache. Nimewafundisha wanafunzi wengi wanaozungumza Kiluo nyumbani, na waliojitahidi walifaulu. Neno lililonishtua katika maelezo yako ni kwamba kosa humtokea akichoka. Je, siku anayosoma habari huwa ameanza kazi saa ngapi?

MezaYaHabari, Kisumu

Mwalimu, swali lako limenigusa. Jumamosi huanza saa mbili asubuhi, kwa sababu wikendi tuko wachache. Huenda nje na kamera, hurudi kuandika, husaidia kuhariri picha, kisha hukaa kusoma saa moja jioni. Mwalimu wetu wa siku za kazi huja saa tisa. Sikuwahi kuwalinganisha kwa namna hiyo, na naona tulikuwa tunampima mtu kwa saa yake ya kumi na moja kazini.

SheriaNaHaki

Dada, kuhusu wadhamini, usiyaandike matakwa yao popote katika ripoti yako kama kigezo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa kikabila katika kuajiri na kupandisha cheo, na ombi la mtu wa ziwa au wa Kakamega ni hilo hilo kwa maneno ya adabu. Kifungu hicho pia kinamtaka mwajiri alipe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kwa hiyo atakayechaguliwa kutoka ndani asiambiwe kwamba heshima ya kiti inatosha. Kama huyo dada au yule kijana amekuwa akilipwa kwa habari moja moja bila hati, mkumbushe mkurugenzi kwamba mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi unapaswa kuwa wa maandishi.

Kuhusu hofu yako ya upendeleo, dawa yake ni mtihani mmoja kwa wote watatu: karatasi zile zile, saa ile ile ya jioni, mahojiano na mgeni yule yule, na habari moja ya dharura inayoingizwa katikati bila wao kujua. Wapimwe na watu watatu, wewe usiwe mmoja wao.

AliyewahiKuwaStudio

Nilifanya kazi ya uzalishaji wa vipindi kwa miaka mingi, na ushauri wangu unahusu zaidi namna ya kuagana. Mtangazaji akitoweka ghafla, watu huuliza kama amekufa, kisha huuliza nani amemfukuza, na atakayekuja hubeba hasira isiyokuwa yake. Mwacheni Mwalimu mwenyewe aseme, kwa kinywa chake, katika taarifa yake, mapema kabla ya uvumi. Halafu wiki mbili za mwisho mrithi akae kando yake mezani, asome nusu ya habari, wazee wamwone Mwalimu akimkabidhi mkononi.

Wala msifunge mlango nyuma yake. Catherine Kasavuli, mtangazaji aliyeanza Sauti ya Kenya, yaani KBC ya leo, miaka ya 1980 na kuwa miongoni mwa sura za kwanza za televisheni ya KTN mwaka 1990, alirejea KBC mwaka 2021, na watu waliomtazama wakiwa wadogo walimpokea wakiwa na watoto wao. Usiku wa matokeo ya uchaguzi mtamhitaji Mwalimu pale mezani.

Jambo moja zaidi: kwa nini awe mmoja? Lulu Hassan na Rashid Abdalla walianza kusoma pamoja habari za wikendi za televisheni ya Citizen mwaka 2018, na sikusikia aliyelalamika kwamba ni wawili. Dada akae studioni, na yule kijana wa Busia msimvalishe suti kwa nguvu. Mvukieni mubashara kila jioni akiwa pale habari ilipo, kwa maana huko ndiko hakauki.

MezaYaHabari, Kisumu

Nawashukuru nyote, pamoja na ndugu wa Kondele, kwa kuwa suala la matangazo ya biashara litaulizwa na lazima niwe na jibu. Mshahara anaoutaka mgeni wa Nairobi unatosha kumlipa dada inavyostahili, kumpa kijana kifaa cha kuvuka mubashara, na kuajiri mtu wa zamu ya wikendi, nami nitaziandika hesabu hizo ukurasa wa kwanza.

Jana nilimweleza Mwalimu wazo la mtihani. Alikubali kuwa mmoja wa wapimaji kwa sharti moja, kwamba asiwaone. Asikilize sauti tu akiwa chumba cha pili, na karatasi ziwe na majina ishirini ya mahali kutoka kaunti zote tunazozifikia. Mtihani ni Jumatano, na nimeagiza dada asipangiwe kazi yoyote siku hiyo kabla ya saa tisa.

Mwalimu Mstaafu, nakuomba zoezi la kumwanzishia kuanzia leo.

MwalimuMstaafu_Kakamega

Asome sentensi hii mara kumi kila asubuhi na mara kumi kabla ya kuingia studioni, kwanza polepole akijisikiliza, kisha kwa mwendo wa taarifa: Washindi sita wa shindano la soka la shule za msingi wameshuka salama Kisumu saa sita na shangazi zao. Siku atakayoisoma akiwa amechoka na isimponyoke, nijulishe.