Tuna sauti Kasumulu, Brussels je?

Mleta mada, Mlowo

Wakuu, heshima kwenu. Hili tumelibishania kijiweni hadi giza likaingia na hatukuelewana, nikaona nililete kwa watu wengi zaidi.

Mnaikumbuka Aprili 2025. Malawi, wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, walikuwa wamezuia mchele, unga, tangawizi, ndizi na mahindi yetu. Afrika Kusini nao ndizi zetu walizikataa kwa miaka. Aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, akawapa wiki moja. Wiki ikaisha, akafunga mlango: zao lolote la kilimo kutoka nchi hizo mbili haliingii. Siku chache baadaye watu wakawa mezani na zuio likaondolewa. Mimi nilishangilia, sifichi.

Sasa tugeukie kahawa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya, wenye makao yake Brussels, ulipitisha sheria wanayoiita EUDR. Bidhaa saba, yaani ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, haziingii sokoni kwao kama zimetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Mwagizaji lazima aonyeshe shamba lenyewe liko wapi. La chini ya hekta 4 linatosha pointi moja kwenye ramani, kubwa zaidi ya hapo linachorwa mipaka yote. Ilikuwa ianze mwisho wa 2024, ikasogezwa mwaka mmoja, ikasogezwa tena hadi Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na katikati ya 2027 kwa ndogo. Mara hii ya pili walisema mfumo wao wa kompyuta ungeelemewa. Wao wakielemewa, tarehe inasogea. Mkulima wa Mbozi akielemewa anaambiwa ajitahidi.

Kwetu walikuja vijana wawili wa mnunuzi mmoja, na simu. Wakasimama katikati ya shamba la baba, eka moja na nusu, wakachukua pointi, wakaandika namba ya kitambulisho. Mzee akauliza, "Na karatasi yangu?" Wakamjibu ipo kwenye mfumo. Msimu uliofuata akataka kuuza kwa mnunuzi mwingine aliyekuwa na bei nzuri kidogo, akaambiwa shamba lake halijapimwa! Lilipimwa, ila kipimo anacho yule wa kwanza. Mzee sasa ana shamba lake, na mtu mwingine ana shamba hilohilo ndani ya simu.

Hoja yangu si kwamba tukate misitu. Ninauliza msimamo wa serikali uko wapi. Kwa Malawi tulikunja ngumi ndani ya wiki. Kwa Ulaya tumewaachia wanunuzi watupangie. Kwa nini serikali isitamke kwamba pointi za mashamba ni mali ya wakulima, zikae AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika, na Bodi ya Kahawa, na kila mnunuzi aende kuziomba hapo?

Mama Kakao, Kyela

Ndaga kwa mada, mwanangu, ila mfano wako wa Malawi haukai. Malawi hana bahari. Sehemu ya mizigo yake inapita Dar es Salaam, sasa ukimfungia anasikia kesho yake asubuhi. Ulaya ukimfungia kahawa yako, anakunywa ya Brazil. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na sisi cha kwetu kiko mvunguni kweli.

Halafu mnaiongelea sheria hii kama ugonjwa. Kakao yetu inakwenda kwa stakabadhi ghalani: unapeleka AMCOS, inapimwa, mnada unapigwa, kila mtu anasikia bei. Utaratibu huo wengi tuliupigia kelele ulipoletwa, na leo ukituambia turudi kwa walanguzi wa kupita nyumba kwa nyumba tutakufukuza. Ndiyo maana kupimwa shamba hakunitishi.

Kinachonitisha ni kuchanganya. Sheria hairuhusu mzigo unaojulikana kuchanganywa na usiojulikana. Ghala moja linabeba kakao ya watu mia kadhaa. Akiwepo mmoja ambaye shamba lake halina pointi, gunia lake linachafua mzigo mzima. Sasa niambie, katika hao mia kadhaa atakayekosa pointi ni nani? Ni bibi asiye na simu, mwenye miche kumi na tano nyuma ya nyumba. Kesho tutamwambia asilete kakao yake ghalani kwa sababu anatuharibia, na watakaomwambia ni sisi majirani zake, si Mzungu.

Hapo ndipo serikali inatakiwa. Kusema tu haitoshi, ilipie kupimwa kwa bibi huyo.

Dereva, Tunduma

Uzeni China. Uzeni Algeria. Eneo huru la biashara la Afrika Bunge letu liliridhia tangu 2021, mnasubiri nini? Ingawa nikisema hivyo nakumbuka kwamba kuvuka mpaka huu hapa wa Zambia tu, hatua chache, foleni nimewahi kulala nayo siku tatu. Basi endeleeni.

Mzee wa Mafinga

Vijana, mnasahau haraka. Tulishawahi kuwakatalia Wazungu. Julai 2016, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipotakiwa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya, ule wa EPA, Tanzania ilisema hapana: viwanda vyetu vichanga vitamezwa. Rais mstaafu Mkapa aliupinga hadharani, na Bunge likashauri tusisaini. Kenya alikuwa na haraka kwa sababu bila mkataba maua yake yangelipa ushuru. Mwishowe akasaini peke yake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024. Sisi hatukulipa chochote kwa ule ubishi, kwa kuwa tumo kwenye orodha ya nchi maskini kabisa na bidhaa zetu zinaingia Ulaya bila ushuru. Ubishi wetu ulikuwa na mto wa kulalia. Siku tukitoka kwenye orodha ile ndipo tutajua ulikuwa msimamo au ulikuwa usingizi.

EUDR haina mto. Haijali kama wewe ni maskini.

Kuhusu tabianchi, serikali yetu nje ina jina, tuseme ukweli. Mei 2024 Rais Samia alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa nishati safi ya kupikia kule Paris, na mkakati wetu unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Papo hapo tunajenga bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443. Kuna wanaoita hayo undumilakuwili. Mimi siiti hivyo. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulilaumu bomba letu, na mwaka huohuo, vita ya Ukraine ilipowabana, makaa ya mawe ya Ruvuma yalikuwa yanapakiwa Mtwara kwenda kwao. Hatukusikia azimio juu ya hayo makaa. Kila nchi inaongea kwa midomo miwili. Tofauti ni kwamba wa kwao unalipwa.

Hilo ndilo kosa la serikali yetu ninaloliona. Jina tunalo, ila hatulitumii kudai kitu. Ungekwenda pale Paris ukasema: sawa, tunapunguza kuni na mkaa, tunatunza misitu, sasa gharama ya kupima mashamba ya kahawa na kakao bebeni ninyi mnaoitaka. Badala yake tunarudi na ahadi za majiko.

Na jambo dogo la mwisho. Huku kwetu na Njombe watu wanapanda parachichi kwa fujo. Parachichi halimo kwenye zile bidhaa saba, wala chai. Mtu anaweza kufyeka msitu wa asili leo akapanda parachichi, akauza Ulaya na asiulizwe. Mwenye kahawa aliyoirithi kwa babu yake ndiye anayeombwa ushahidi.

Mleta mada, Mlowo

Mama wa Kyela, umenishinda kwenye Malawi, nakubali. Lakini soma tena ulichoandika kuhusu bibi wa miche kumi na tano. Ukiwaachia wanunuzi kazi ya kupima, watapima wenye kahawa nyingi karibu na barabara. Bibi hawezi kupimwa na mtu anayehesabu faida. Kwa hiyo mimi na wewe tunadai kitu kimoja, tumeingilia milango tofauti.

Dereva, China na Algeria sawa, ila bei ya arabika nzuri ya huku inatoka kwa wanaoijua ladha yake, na hao wengi ni Wajapani na Wazungu. Mjapani leo haulizi pointi. Akianza kuuliza kesho, ramani itakuwa mikononi mwa nani?

Mzee wa Mafinga, la parachichi sikuwa nimeliona. Shemeji yangu kang'oa kahawa yote mwaka jana akapanda parachichi, akisema amechoka kuchunguzwa. Nilimcheka.

AMCOS yetu ina kikao Jumamosi. Nimeandika barua ya mistari mitano kuomba nakala ya pointi za mashamba yote ya wanachama, na baba ameweka saini ya kwanza. Katibu ameniambia kwa mdomo kwamba hana, na hajui amwombe nani.