Kesi za watoto zimeanza kunifuata mpaka nyumbani, nifanyeje?

WakiliKsm
Wadau habari zenu. Mimi ni wakili hapa Kisumu, mwaka wa nne sasa, na kazi yangu kubwa ni kesi za watoto walionajisiwa, nasimama kwa niaba ya familia huku mwendesha mashtaka akiongoza kesi. Mwanzoni nilikuwa sawa kabisa. Siku hizi nikimuogesha binti yangu wa miaka mitano mikono inatetemeka, nimesoma P3 na PRC nyingi mno, zile fomu za uchunguzi wa daktari baada ya mtu kunajisiwa, na yale daktari ameandika nayaona kwake. Juzi shemeji alikuja kutusalimia kutoka Siaya, mtu mzuri tu, akambeba mtoto, nikamnyang'anya mbele ya watu. Mpaka leo hajui alikosea wapi. Usiku naamka saa tisa naenda kuangalia mlango, narudi, naamka tena.

Nilimgusia mkubwa wangu ofisini akaniambia machozi ni ya mteja. Mume wangu naye namwambiaje na hizi ni siri za watu? Niache hizi kesi? Lakini nikiacha nani atawashika hawa watoto, familia zingine hata nauli ya kutoka Nyando kuja kortini hazina.

Mkalimani46
Pole sana wakili. Mimi natafsiri kortini, Dholuo kwa Kiswahili na Kiingereza. Watu hawajui kwamba mkalimani hasemi "mtoto anasema alishikwa", anasema "alinishika". Mwanaume mzima nasema hayo maneno kwa mdomo wangu, mshtakiwa ananiangalia, mama ya mtoto analia nyuma. Kuna siku nilitoka hapo nikafika stendi nikasahau kabisa napanda gari gani kwenda nyumbani. Na miaka yote hakuna mtu ashawahi niuliza kama niko sawa.

MzeeWaNakuru
Binti yangu, usinyamaze kama mimi. 2008 baada ya vita vya uchaguzi nilikuwa naandika taarifa za watu waliokimbilia kambi ya Showground hapa Nakuru, watu sita, saba kwa siku, nikajiona nina nguvu. Baadaye nikawa mtu wa chupa kila jioni, mke akarudi kwao Molo na watoto. Nilidhani ni tabia yangu imeharibika. Kumbe Marekani huko Levin na Greisberg walikuwa washachapisha utafiti 2003, wakalinganisha mawakili na wahudumu wa afya ya akili na wa ustawi wa jamii, na mawakili ndio walikutwa wameumia zaidi. Wale wengine wanafundishwa, wana mtu wa kuketi naye kuongea juu ya kesi nzito. Wewe unapewa faili na tarehe. Usiache zote, lakini changanya, weka kesi za mashamba na urithi katikati, na faili isiingie chumba cha kulala hata siku moja.

NesiMama2
Dada, huo si udhaifu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 unasema wazi kwamba mtu anaweza kuugua kwa kusikia tena na tena undani wa mambo kama haya kazini, si lazima yamtokee yeye. Ikiwa imepita mwezi na bado hulali, muone kaunsela au daktari. Na siri za mteja zisikuzuie, hutaji jina wala kijiji, unaongea juu ya usingizi wako na mikono yako inayotetemeka. Bwana yako pia mwambie hivyo hivyo, huenda ashaona anangoja tu useme.

WakiliKsm
Mkalimani umeniliza, nimekuwa nikisimama mita mbili kutoka kwa watu kama wewe na sijawahi kuwaza. Mzee asante, nimekusikia. Alhamisi nina mtoto wa miaka saba anatoa ushahidi, huyo siwezi kumuacha, lakini kesi mpya nitasema hapana mpaka Desemba. Shemeji nitampigia leo jioni ingawa sijui nianzie wapi. Kuna mtu anajua kaunsela hapa Kisumu anayepokea watu baada ya saa kumi na moja, korti ikishafunga?