Mtoto anakohoa na anapumua harakaharaka, nimpe dawa gani ya kifua?

Baba Mtarajiwa: Wakuu habari za usiku. Mwanangu alianza na mafua tu juzi. Leo amechemka, anakohoa na anapumua kama aliyekimbizwa. Duka la dawa la mtaani bado liko wazi na lina dawa za maji za kifua aina tatu. Ipi inafaa kwa mtoto mdogo? Majibu kwanza, matusi baadaye.

Kisu Butu: Niko paleee kwenye jiwe nasubiri wataalamu.

Mama Pacha: Pole baba. Wangu niliwapa asali na ndimu, leo wanakimbizana na mbuzi wa jirani. Nyie wa mjini kila kitu duka la dawa.

Nesi wa Zamu: Mama Pacha, aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata kijiko. Mleta mada, "mdogo" ni miezi mingapi? Mfunue nguo akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Chini ya miezi 2, kuanzia 60 ni kasi mno. Miezi 2 hadi 11, kuanzia 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Tazama pia chini ya mbavu: akivuta hewa panabonyea?

Baba Mtarajiwa: Miezi minne na nusu. Nimepata 62. Panabonyea, ila ni mwembamba tangu azaliwe.

Mzee wa Barazani: Vijana mnazaa bila maandalizi. Jiko la mkaa ndani, dirisha mmeziba na boksi, halafu mnauliza dawa.

Nesi wa Zamu: Huo si wembamba. Hiyo inafanana na nimonia: mapafu yanajaa majimaji na usaha, hewa haipiti, kifua kinafanya kazi kwa nguvu. Dawa ya kifua ya dukani haitibu hiyo. Aende hospitali sasa hivi. Chanjo zote kapata? Na kuna kitu kingine mmemfanyia?

Baba Mtarajiwa: Ya wiki ya 14 alikosa, tulikuwa kijijini. Hilo la pili sikutaka kuliandika maana najua mtakavyonishukia. Mama mkwe anasema ni kimeo, kile kinyama cha kooni. Kuna mzee wa Chanika atakuja alfajiri kukikata, nimeshatuma elfu kumi na tano ya kutangulia. Mimi mwenyewe nilikatwa na niko hai. Mama mkwe kalea watoto saba. Hospitali mara ya mwisho tulikaa benchi masaa manne tukatoka na Panadol.

Kisu Butu: Alfajiri? Kama kuku wa wageni.

Tanboi Mstaafu: Mdogo wangu alikatwa kimeo tukiwa Singida. Damu ilitoka usiku kucha, baba akauza baiskeli ili aongezewe damu. Kikohozi kilibaki palepale. Baiskeli yenyewe Phoenix, taa ya dainamo, mpaka leo nikiiona ya mtu roho inauma.

Bwana Ushahidi: Subirini kwanza. Huyu mwezi wa pili alileta uzi anatafuta mchumba. Jina lenyewe Baba Mtarajiwa. Leo ana mtoto, ana na mama mkwe? Chai hii, hadithi ya kutunga, tena haijakolea sukari. Hapo mbele itakuja namba ya kuchangia.

Kisu Butu: Narudisha huruma yangu.

Mama Pacha: Na anavyopanga nukta na mkato, mtu mwenye mgonjwa haandiki hivyo.

Baba Mtarajiwa: Akaunti nilifungua mke akiwa mjamzito. Ule uzi niliuandika kwa niaba ya rafiki. Sijaomba hata mia.

Bwana Ushahidi: Rafiki, sawa. Weka picha ya kadi ya kliniki.

Nesi wa Zamu: Kadi ya mtoto haiwekwi humu. Ikiwa ni chai, mimi nimechosha vidole tu. Baba, ananyonya?

Baba Mtarajiwa: Toka saa mbili anashika titi, anaachia.

Nesi wa Zamu: Basi alfajiri ni mbali. Kimeo kila mtu anazaliwa nacho, kipo kooni, ugonjwa uko mapafuni. Mkimkata mnamwongezea kidonda na damu wakati hewa yenyewe hapati. Huyo huenda akahitaji oksijeni na sindano. Msimfunge blanketi mpaka puani. Mkifika msiende benchi, mwambieni nesi wa mapokezi hivi: hanyonyi na mbavu zinabonyea.

Baba Mtarajiwa: Mama mkwe amekaa mlangoni. Anasema mzee akikuta hatupo, hela hairudi.

Tanboi Mstaafu: Elfu kumi na tano? Nitumie namba nikurudishie mimi. Toka hapo.

Bwana Ushahidi: NILISEMA namba itakuja!

Baba Mtarajiwa: Tumo kwenye bajaji. Mama mkwe naye kapanda, kapakata chupa ya chai.

Kisu Butu: Ina sukari?