Naombeni ushauri: besi ya mashoto kwa mtu mzima anayeanza

Mchelewa Besi:
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 43, sijawahi kupiga chombo chochote zaidi ya kugonga meza. Mpiga besi wa kwaya yetu kahamishiwa Dodoma kikazi, na tangu aondoke tunaimbia kinanda peke yake, kwaya imepwaya kabisa. Nimejitolea kujifunza, na mwalimu wa kwaya kakubali. Maswali yangu ni mawili: kwa hapa Dar nitapata wapi gitaa la besi la mashoto, na je, nianze na nyuzi nne au tano? Kejeli naomba mniwekee pembeni, nina mawazo ya kutosha.

Sauti ya Nne:
Karibu mkuu. Nyuzi nne, usiumize kichwa. E, A, D, G. Huo wa tano ni B ya chini, na spika za makanisa yetu mengi hazifiki huko, waumini watasikia mngurumo tu wadhani lori linapita. Nyimbo nyingi za kwaya unahitaji do, fa na so. Ukishajua zilipo hizo tatu kwenye kila keyi, tayari una kazi.

Mjomba Mrefu:
Mwanaume wa miaka 43 akitaka gitaa ghafla, kaangalieni sauti ya kwanza nani kajiunga mwezi huu 😂

Mama wa Wawili:
Mimi sikatai vipaji vya uzeeni. Ila Januari inakuja na ada inakuja nayo. Mama watoto anajua?

Msukuma wa Kahama:
Umri si kitu. Bi mkubwa wangu kajifunza kuendesha gari ana miaka 52, leo anapiga Kahama mpaka Mwanza na anatukana madereva wa mabasi kwa majina. Siku ya kwanza aligonga banda la kuku la jirani, tukalipa kuku, na jogoo mwenyewe tukamla. Kwa hiyo piga tu besi mzee.

Besi Nzito:
Mkuu Mchelewa, unaandika kwa mkono gani?

Mchelewa Besi:
Kulia. Lakini hilo halihusiani na nilichouliza.

Besi Nzito:
Linahusiana sana. Gitaa la mashoto ni adimu, ukilipata bei yake ina maringo, na siku lako likiharibika huwezi kuazima la mwenzako kanisani. Mtu anayetumia kulia hana sababu ya kulitafuta. Labda kuna kitu hujatuambia.

Mchelewa Besi:
Nimeona inanifaa tu. Mbona kila mtu ana mwili wake?

Sauti ya Nne:
Kaka, tunakusaidia gizani. Sema.

Mchelewa Besi:
Haya. Mimi ni fundi seremala, karakana yetu iko Keko. Miaka ya nyuma mashine ya kuranda ilinichukua kidole cha pete na cha mwisho, mkono wa kushoto, kwenye kiungo cha katikati. Cha shahada na cha kati vizima, gumba zima. Sikutaka kuanza na hilo kwa sababu nikianza nalo watu wote wananiambia pole, hakuna anayejibu swali.

Na kabla hamjaanza kunishauri nibane nyuzi kwa kushoto kama kawaida: nimeshaamua. Mkono wa kulia una vidole vyote vitano, ndio utakaobana nyuzi. Wa kushoto utachapa, na kuchapa hakuhitaji vidole vinne. Suala la uzi mnene kutokukaa kwenye mfereji wa ule mwembamba nitalimaliza mwenyewe, mimi nakata mbao kila siku.

Mama wa Wawili:
Pole sana kaka yangu. Mungu akutie nguvu.

Msukuma wa Kahama:
Pole mzee. Binamu yangu msumeno wa duara ulimpitia hivyo hivyo, mpaka leo anasema kidole kinamwasha wakati hakipo.

Besi Nzito:
Pole mkuu, na sasa tuongee kazi. Wazo lako si baya. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za Motown, ile kampuni ya muziki ya Marekani, alichapa kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, cha shahada. Hakuna aliyemwambia besi yake haina vidole. Kwa hiyo kuchapa kwa kushoto kwako kunawezekana bila shida.

Lakini usifunge mlango wa pili. Vidole viwili vinabana besi vizuri tu kama unajua kuhama. Wapiga kontrabasi, ile besi kubwa ya mbao ya kusimama, huku chini shingoni hawatumii kidole cha pete peke yake, kinasaidiana na cha mwisho, kwa sababu nafasi za noti ni pana. Wewe ungekuwa unahama zaidi yao kidogo, basi. Tafuta besi fupi, ile ambayo uzi toka nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kwenye mwisho wa shingo) hadi kwenye daraja la huku mwilini ni inchi 30 badala ya 34 za kawaida. Unabana nyuma tu ya kile chuma cha freti kinachokatiza shingo, si juu yake wala si katikati, ndipo nguvu ndogo inatosha. Na vidole vilivyobaki vifupi vilaze juu ya nyuzi usizozipiga zisilie ovyo. Hiyo ni nusu ya besi safi, na vidole vizima huwa vinasahau.

Wako waliopita njia hii. Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, karavani yake iliungua 1928, akabaki na vidole viwili vya kushoto vya kutegemea, na solo zake kazipiga kwa hivyo viwili. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Black Sabbath, mashine ya kiwandani Birmingham ilimkata ncha za vidole akiwa na miaka 17, akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea vikofia. Hakugeuza gitaa.

Shahidi wa Pili:
Wakuu hii ni chai, nani ana maandazi? Kidole cha pete na cha mwisho, mkono wa kushoto. Vile vile vya Django! Mashine ya kazini, kama Iommi. Huyu kasoma habari zao kaziunganisha na Keko. Halafu rudini juu: kaandika hajawahi kupiga chombo chochote, ila anajua uzi mnene haukai kwenye mfereji wa mwembamba. Asiye na gitaa kajuaje?

Mjomba Mrefu:
Aisee. Maandazi ninayo mimi.

Mama wa Wawili:
Kama ni uongo nataka pole yangu.

Sauti ya Nne:
Jamani, nenda Keko uhesabu mikono ya mafundi pale. Hiyo ajali haihitaji Mzungu ili itokee. Ila swali la mfereji ni zuri. Mkuu, jibu.

Shahidi wa Pili:
Weka hata sauti, chapa uzi wa E mara moja uturekodie hapa.

Mchelewa Besi:
Nimejaribu kurekodi kwa simu, E haisikiki, inasikika kama kugonga kabati.

Shahidi wa Pili:
"Nimejaribu." Kwa gitaa la nani?

Besi Nzito:
Hapo simwiti mwongo. E ya chini ni mitetemo kama 41 kwa sekunde, spika ya simu haiwezi kuitoa. Kwa hiyo gitaa analo. Mkuu, lete yote.

Mchelewa Besi:
Gitaa ninalo. Nililinunua kwa mtu, 450,000, la kulia, nyuzi nne. Liko karakana, nimelifunika kwa turubai. Nikageuza nyuzi zikae kwa mashoto. Uzi wa E haukuingia kwenye mfereji wa G nikaupanua kwa tupa. Sasa ukichapa bila kubana unanguruma kwenye freti ya kwanza. Ndiyo maana nikauliza la mashoto linapatikana wapi. Na sijaharibu kitu, nimerekebisha nusu.

Mama wa Wawili:
Turubai! Nilijua mama watoto hajui.

Besi Nzito:
Uzi wa E una unene wa inchi 0.105, wa G 0.045. Umechimba chini badala ya kupanua pembeni. Usinunue gitaa lingine, hilo ni tatizo la nati tu. Nenda buchani, omba mfupa wa paja la ng'ombe, uchemshe utoke mafuta yote, ukauke, kisha chonga nati mpya. Magitaa ya bei mbaya yanawekewa mfupa huo huo. Mifereji ianze juu juu, unashusha kidogo kidogo huku ukifunga uzi na kusikiliza. Halafu hamisha kitufe cha mkanda kiende pembe ya pili, la sivyo litakuinamia.

Mchelewa Besi:
Mfupa nauweza. Kwa hiyo unakubali nibaki na mashoto?

Besi Nzito:
Nimesema chonga nati. La mashoto tutabishana ukishajua keyi moja.

Mchelewa Besi:
Mimi nabaki mashoto.

Shahidi wa Pili:
Naomba radhi nusu. Picha ya mkono bado.

Mchelewa Besi:
Mkono wangu hauwekwi mtandaoni. Njoo Keko nikupe salamu nao.

Msukuma wa Kahama:
Mkuu, tukiwa hapo hapo Keko, kabati la milango mitatu la mninga linaenda ngapi kwa sasa?

Mchelewa Besi:
Inategemea kama unataka na kioo. Nicheki pembeni nikutumie picha, na usafiri hadi Kahama ni juu yako.