Mnaouza spea za Beetle kwa kuangalia mwaka wa kadi, mtatumaliza!

Wakuu, salaam. Nimechoka, acha niseme.

Natafuta buti (mipira ya kuziba oili) za ekseli ya nyuma ya VW Beetle 1300 ya 1971. Zile zenye mshono, zinazofungwa pale bomba la ekseli linapoingia kwenye giaboksi. Zangu zimechanika na oili inadondoka usiku kucha. Nikampata muuzaji mmoja, nikamtumia picha za chini ya gari. Jibu lake: "Hiyo ya 71 ni IRS, nakutumia buti za sivi jointi." IRS ni sasapensheni ya nyuma ambayo kila shafti ina jointi mbili, hizo sivi jointi. Nikamwambia hapana kaka, yangu ni swingi ekseli, ile inayokunja upande wa giaboksi tu, tazama picha. Akatuma hizo hizo! Buti nne, na grisi yake, na bolti zake. Kurudisha pesa hataki, eti mimi ndiye sijui gari yangu.

Haya mambo ya "kuanzia 1969 zote ni IRS" mmeyatoa wapi? Hiyo ni habari ya Marekani. Beetle zilizopelekwa kule kama modeli ya 1969 ndizo zilipewa IRS zote. Kwingineko Wajerumani waliendelea kufunga swingi ekseli kwenye 1200 na 1300, huku 1302 iliyotoka Agosti 1970, na 1303 baada yake, zikipata IRS. Gari mbili, mwaka mmoja, nyuma tofauti kabisa. Hapo hamjagusa 1500 ya nusu otomatiki, iliyokuwa na IRS hata kabla ya hiyo 1969 yenu. Na mwaka wa modeli wa VW unaanza Agosti, kwa hiyo gari iliyotoka kiwandani Oktoba 1970 ni modeli ya 71. Kadi ya gari itakusaidia nini hapo?

Ingia uvunguni, uchafuke! Ukikuta bomba nene la chuma limeifunika ekseli kutoka giaboksi hadi dramu ya breki, na buti moja tu kila upande, tena upande wa giaboksi, hiyo ni swingi. Shafti ya ndani huioni, na oili ya giaboksi inafika hadi ndani ya bomba, ndiyo maana buti ikipasuka mnaona dimbwi. Ukikuta shafti nyembamba iko wazi, buti mbili kila upande, kila jointi ina bolti sita, na kuna mkono umekaa mshazari kwenda kushikwa karibu na bomba la tosheni ba (fimbo inayojisokota kama springi), hiyo ni IRS. Mvivu wa kuinama? Piga jeki nyuma. Matairi ya swingi yakining'inia yanakunjamana kwa chini kama miguu ya kuku aliyebebwa mkononi. Ya IRS hayafanyi hivyo.

Kuna mwingine humu aliona fimbo ya chuma imepita juu ya ekseli, akatangaza ni IRS. Ile ilikuja na 1500 kuanzia Agosti 1966, na kazi yake ni kuisaidia springi magurudumu yote mawili yanapopanda kwa pamoja. Iko kwenye swingi tu!

Kombi ya Ujerumani angalau ina huruma: kioo cha mbele vipande viwili, hiyo ni swingi yenye vijigiaboksi pale magurudumuni, kioo kimoja kilichopinda, kuanzia Agosti 1967, ni IRS.

Halafu wale wa "badilisha tu giaboksi, weka ya IRS, yaishe." Yaishe vipi? Chasisi ya swingi haina vishikio vya ile mikono ya mshazari. Ni kuchomelea kwenye bomba la tosheni, na vipimo vikikosewa gari inatembea upande. Nani atalipia, nyie?

Na msiniletee ya "swingi inapindua watu." Ukiingia kona kwa kasi ukaachia mafuta ghafla, ndiyo, gurudumu la nje linaweza kujikunja chini ya gari. Lakini Tommy Fjastad alishinda East African Safari ya 1962 na VW 1200 ya swingi, kwenye matope ambayo wengi wenu hamwezi hata kuyapita na Prado.

Mwenye buti za mshono, jozi, aweke picha hapa. Picha ya buti yenyewe. Atakayeanza kuniuliza gari ni ya mwaka gani, namblock.