Maonyesho ya sarafu Lubumbashi: bado yana kesho, au simu imeyameza? Tupeane uzoefu

Mwana wa Kamalondo
Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na popote mlipo. Jana kijana wa jirani ameniletea sarafu ya 2 franga, ile yenye umbo la pembe sita na picha ya tembo, ya mwaka 1943. Akaniuliza: "Papa, hii ni feza ya nchi gani?" Jina la Kongo limeandikwa juu yake, naye amezaliwa hapa hapa mjini. Sikumlaumu. Tangu franga yetu irudi mwaka 1998 tunatumia noti tu, hata zile sentimu za mwanzo zilikuwa karatasi. Chuma anachokijua yeye ni ngwee, sarafu za Zambia, anazorudishiwa akivuka mpaka wa Kasumbalesa.

Zamani kijana kama huyo angepata jibu kwenye meza za maonyesho. Sasa meza zimepungua, wauzaji wamehamia WhatsApp na Facebook, na kitu kinauzwa kwa picha kabla jua halijazama. Nauliza kwa moyo: maonyesho yetu yana kesho? Mliowahi kuweka meza, mliouza kwa simu, mliopata na mliopoteza, semeni.

Kijana wa Ruashi
Mimi nasema wazi, simu imetutoa gizani. Mama yangu alipeleka kwenye meza 50 franga ya 1944, ile kubwa ya madini ya fedha. Mzee mmoja mwenye suti akaigeuza, akamtajia bei ya mikate. Eti fedha yake ni nusu tu. Kweli ni nusu: sarafu nzima ina gramu 17.5, na usafi wa fedha ni 500 kwa 1000. Lakini tangu lini bei ya sarafu ikawa bei ya madini peke yake? Mama akarudi nayo nyumbani. Jioni nikafungua Delcampe, ile tovuti ya Wabelgiji, nikaona wengine wanaiuzaje. Nani alimlinda mama? Meza au simu?

Mukuba1961
Mdogo wangu, mzee mmoja mwenye suti si maonyesho. Kwenye meza ya pili angepewa bei nyingine, na ya tatu bei nyingine tena. Ndiyo maana tunakaa pamoja ukumbini: muuzaji anasikia jirani yake anataja nini.

Kijana wa Ruashi
Papa, wale wote wanajuana. Wanapeana macho.

Bibi wa Kipushi
Hapo kijana amesema kweli. Njo vile.

MamaLikasi
Mmenigusa mahali. Niandike tu, leo nimeweza.

Baba yetu alifanya kazi ya reli tangu ujana wake. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani yake sarafu za kila utawala: zile za shaba zenye tundu za wakati wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, zile za tembo za wakati wa vita, makuta na sengi za 1967, na moja aliyoifunga peke yake kwenye kitambaa. Ilikuwa 5 franga ya 1961, wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, upande mmoja ndizi, upande mwingine msalaba wetu wa shaba, ile feza ya babu zetu. Alituambia ni ile ya dhahabu. Sote tulikua tukijua kwamba nyumbani kuna dhahabu. Hata mwaka 1993, noti za zamani zilipokufa na zaire milioni 3 zikawa zaire mpya moja, mama aliuza cherehani yake lakini kitambaa kile hakikufunguliwa.

Baba alipofariki, matanga yalipokwisha, kaka zangu wakaamua iuzwe tugawane. Mtoto wa kaka mkubwa, kijana mwenye akili, akaipiga picha usiku kwa taa ya simu, upande mmoja tu, akaiweka mtandaoni. Haikukaa. Mnunuzi wa ng'ambo akatoa feza ambayo hakuna kwetu aliyewahi kuishika. Tukatuma kwa ajansi ya vifurushi, tukaanza kupanga: bati za nyumba, ada za watoto.

Mnunuzi akaandika: hii si dhahabu, nataka feza yangu. Tovuti ikamrudishia. Baada ya muda mrefu kifurushi nacho kikarudi.

Niliibeba mwenyewe hadi Lubumbashi, siku ya maonyesho. Papa mmoja mwenye mizani ndogo aliniuliza kwa upole: "Mama, unajua ya dhahabu ina gramu ngapi? 13.33." Akaiweka. Haikufika hata gramu 7. Ilikuwa ile ya bronzi, imepakwa rangi ya dhahabu. Watu walionizunguka walinyamaza. Mimi nilitazama zile namba kana kwamba zitapanda.

Sasa sikieni kinachoniuma. Kabla ya kutuma, hakuna aliyeipima. Kaka mdogo anasema mnunuzi aliibadilisha. Kaka mkubwa anasema baba mwenyewe alidanganywa zamani. Na mke wa kaka mdogo amesema mbele ya watu kwamba mtoto aliyepiga picha ndiye mwizi. Yule kijana alihama nyumbani. Kaka zangu hawasalimiani hadi leo. Dakika moja ya mizani mbele ya familia ingetuokoa sote, na mizani hiyo sikuikuta kwenye simu. Niliikuta mezani.

Bibi wa Kipushi
Pole sana mama. Pole.

Fundi Mizani
Pole dada. Ile picha ya usiku mnayo bado? Sarafu iliyotembea mifukoni ina mikwaruzo yake, hakuna mbili zinazolingana. Ikuzeni picha, muilinganishe na hii iliyorudi: mkwaruzo mmoja kwenye ndizi, tone moja ukingoni, vinatosha kusema ni ileile au siyo. Mkijua hilo, huenda yule kijana akatoka kwenye lawama.

MamaLikasi
Picha iko kwenye simu ya kijana mwenyewe, na hapokei simu zetu. Nitapitia kwa mama yake. Aksanti papa.

Kijana wa Ruashi
Mama pole sana. Lakini kosa si la mtandao. Picha pande zote mbili, mchana, mizani ndani ya picha, video wakati wa kufunga kifurushi. Mimi nauza hivyo na sijapata shida.

Mukuba1961
Hujapata bado.

Mwalimu wa Katuba
Ndugu, tusimpige mama mawe kwa mashauri ya baada ya ajali.

Mtoto wa Kenya, sasa Liège
Nasoma kutoka Ubelgiji, moyo uko mtaa wa Kenya hapo Lubumbashi. Niwape ninachokiona huku, maana watu wanasema maonyesho yamekufa duniani. Si kweli. Berlin kila mwanzo wa mwaka kuna World Money Fair. Ilianza Basel mwaka 1972, ikahamia Berlin mwaka 2006, na kumbi bado zinajaa. Marekani wana FUN kila Januari kule Florida. Mwaka 2020 korona ilifunga mengi ya maonyesho, kila mtu akasema sasa basi, mnada wa mtandaoni umeshinda. Milango ilipofunguliwa watu wakarudi.

Lakini yamebadilika. Mtu mwenye meza leo anakuja kununua kuliko kuuza: anapata mali ukumbini, anaipeleka mtandaoni. Na jueni kilichofanya biashara ya picha iwezekane kwa wenzetu. Kampuni ya Marekani iitwayo PCGS ilianza kupima sarafu mwaka 1986, nyingine, NGC, ikafuata 1987. Wanaithibitisha, wanaipa alama kati ya 1 na 70, wanaifungia ndani ya plastiki ngumu yenye namba. Mnunuzi anaamini ile plastiki hata kama hajaishika sarafu. Sisi hatuna hiyo. Kutuma tembo wa 1943 kupimwa ng'ambo kunagharimu kuliko tembo mwenyewe. Kwa hiyo kwetu plastiki ni yule papa mwenye mizani. Akipotea yeye, tunabaki na neno la muuzaji tu.

Mwana wa Kamalondo
Hili la papa mwenye mizani nimelisoma mara mbili. Endeleeni.

Mfanyabiashara Kasumbalesa
Mimi nina misalaba ya shaba, mikubwa na midogo. Ukumbini watu wanapiga picha nayo na kuondoka. Mtandaoni wazungu wanaigombania. Maonyesho yanisaidie nini?

Mukuba1961
Umeitoa wapi?

Mfanyabiashara Kasumbalesa
Kijijini. Watu wanalima, wanaikuta.

Mukuba1961
Wanalima, au wanafukua? Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, misalaba ilikutwa ndani ya makaburi, pamoja na wenyewe. Ile ni mahari ya babu zetu, ni jasho la walioyeyusha mukuba, yaani shaba, kabla ya kampuni yoyote kufika. Ukiona ya zamani ipeleke kwenye jumba la makumbusho hapa mjini waitazame. Usiitume Ulaya ndani ya katoni ya viatu!

Mfanyabiashara Kasumbalesa
Makumbusho watalisha watoto wangu?

Mukuba1961
Na watoto wako wataona wapi msalaba? Kwenye simu ya mzungu?

Fundi Mizani
Taratibu wapendwa. Niongeze la ufundi: mingi inayouzwa sasa imeyeyushwa juzi. Kwenye picha mpya na ya kale zinafanana. Mkononi nasoma ukingo, nasoma kutu ya kijani kama imeingia ndani au imepakwa. Hata hapa ukumbi una kazi.

Bibi wa Kipushi
Mimi sarafu zangu nazisugua na limau na majivu, zinang'aa, zinauzika haraka.

Fundi Mizani
Bibi, kwa heshima yote, acha! Ukisugua umeondoa ngozi yake. Mkusanyaji akiona mng'ao ule anashusha bei papo hapo.

Bibi wa Kipushi
Mbona kijana aliyenunua kwangu wiki iliyopita alifurahi?

Kijana wa Ruashi
Kwenye picha inayong'aa inauzika kweli, bibi hakukosea. Mwenye kujua ndiye anayekimbia.

Mwalimu wa Katuba
Mimi naona tunagombania wauzaji na kusahau watazamaji. Nafundisha historia. Kitabu kinasema kujitenga kwa Katanga kulianza tarehe 11 Julai 1960 na kuisha Januari 1963. Wanafunzi wanaandika, wanasahau. Siku niliyowapitishia mkononi 1 franga ya Katanga, ile ndogo ya bronzi, darasa zima liliamka. "Kumbe walikuwa na feza yao?" "Mbona ndizi?" "Nani alikubali kuipokea?" Nilijibu maswali hadi kengele ikalia na hawakutoka. Picha ile ile nilikuwa nimeshawaonyesha kwenye simu, hakuna aliyeuliza kitu.

Kama ukumbi ni ghali, meza ziende shuleni. Jumamosi, madarasa yako wazi, madawati yapo.

Kijana wa Ruashi
Shuleni nani atanunua?

Mwalimu wa Katuba
Wazazi watakuja kuwachukua watoto. Na ndani ya nyumba zao kuna makopo kama lile la baba yake MamaLikasi.

Mwana wa Kamalondo
Mwalimu, nitakupigia. Kijana wa Ruashi, na wewe njoo na ule ujuzi wako wa bei: uwe na meza yenye simu, mama akiambiwa bei ya mikate aje kwako umwonyeshe wengine wanauzaje. Sisemi kwa mzaha, nakuhitaji.

Kijana wa Ruashi
Nikiwekewa umeme na mtandao nakuja. Ila yule mzee mwenye suti asikae karibu yangu.

Mukuba1961
Atakaa katikati yetu, tumsikie vizuri.

Mgeni wa Bukavu
Shikamooni. Nimeingia leo. Ninayo 5 franga ya 1952 yenye mchikichi, imeandikwa Congo Belge na Ruanda-Urundi pamoja. Huku Bukavu ninaambiwa niiuze haraka Facebook. Nifanyeje?

Bibi wa Kipushi
Ing'arishe kwanza.

Fundi Mizani
Usiing'arishe! Ipime, andika gramu kwenye karatasi, weka karatasi kando ya sarafu, piga picha pande zote mbili mchana. Kisha itume hapa kabla ya kuituma kwa mtu yeyote.