Mrejesho: dawa ya mdogo wangu mwenye ataksia ya Friedreich
Wakuu nimerudi, niliuliza kama kuna dawa ya mdogo wangu wa miaka 19, anayumba akitembea na ulimi unakuwa mzito, kipimo cha jeni kikaonyesha ataksia ya Friedreich, ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva taratibu. Basi ipo, omaveloxolone, Marekani waliipitisha 2023 kwa wenye miaka 16 kwenda juu, ila jamani haimalizi ugonjwa, inapunguza kasi tu. Ameshaanza, kapsuli 3 za miligramu 50 kwa siku, anameza tumbo likiwa tupu, na damu anapimwa kila mwezi kwa miezi 3 ya mwanzo maana vimeng'enya vya ini vinaweza kupanda, vyake vilipanda kidogo dokta akasema tuendelee kuangalia. Kutembea bado vilevile, na hiyo vilevile naishukuru mno. Mazoezi hatujaacha.